Kipengele cha Nne

Katika kiwanda kile cha uchapaji, mke na mume walikuwa na kazi moja tu: kusomeana. Ndiyo, kusomeana, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, katika chumba kidogo nyuma ya mashine, mlango umefungwa ili kelele zisiwafuate. Mume alishika muswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti. Mke alishika karatasi zilizotoka kwa mpangaji wa herufi, kalamu nyekundu mkononi, na kufuata kwa macho. Na mume hakusoma maneno tu. Alisoma kila kilichokuwapo: "Herufi kubwa, Mvua ilianza kunyesha, mkato, watoto wakakimbilia ndani, nukta, aya mpya." Neno likipungua kwenye karatasi yake, mke alipiga meza mara moja kwa kidole. Mume alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena.

Watu wa mashine walimwita mume Redio, kwa kuwa haizimwi. Mke walimwita Mama Nukta. Walisema nukta ikikosekana ukurasa wa mia tatu, yeye huinusa akiwa bado ukurasa wa mia mbili. Wapiga chapa hawajambo kwa kutia chumvi, lakini hilo halikuwa mbali sana na ukweli.

Kuna jambo moja la kazi yao ambalo lazima ulijue, maana bila hilo habari hii haina kichwa wala miguu. Mwenye kalamu haoni muswada. Anausikia tu. Mpangaji akiacha mstari, na msomaji naye akauruka mstari huo huo, basi mstari umekwenda. Nakala elfu tano zitatoka bila huo mstari, na chini ya ukurasa kuna saini ya mwenye kalamu kwamba kila kitu kipo. Kwa hiyo mwenye kalamu anatia saini kwa kuamini mdomo wa mtu. Wasahihishaji wengine walibadilishiwa wenzao kila baada ya miezi sita, ugomvi hauishi. Mama Nukta alikaa na Redio miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo Redio hakuruka mstari hata mmoja. Mwenye kiwanda alipoajiri watu wapya aliwaleta mlangoni wamsikilize, kama vile watu wanavyopelekwa kuona mnara.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Hawakujaliwa watoto, walijaliwa vitabu vya watu wengine. Wakigombana, Redio alisema, "Nimechoka, nukta," naye mkewe akajibu, "Umechoka, alama ya kuuliza?" na ugomvi ukaishia kwenye kicheko. Majirani waliwaonea wivu, na sababu walikuwa nayo.

Maradhi yalianza kwa kalenda. Kiwanda kilitoa kalenda ya mwaka mzima yenye wiki moja iliyokuwa na Jumatano mbili, na chini yake saini ya Mama Nukta. Watu wa mashine walicheka wiki nzima. Walisema sasa kumbe hata Jumatano inazaa. Yeye naye alicheka, lakini moyoni aliingiwa na baridi, kwa sababu alijua kwa nini Jumatano ya pili ilimpita. Kwa muda wa miezi minne herufi zilikuwa zikimkimbia pembeni mwa karatasi, na kichwa kilimuuma kila asubuhi mpaka akatapika. Hakuwa amemwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla kifo hakijafika, kalenda ilimuumbua.

Daktari wa upasuaji alimwonyesha picha. Kulikuwa na uvimbe mdogo chini ya ubongo, si mkubwa kuliko punje ya mahindi, umekaa juu ya mishipa inayotoka kwenye macho. Si uvimbe mbaya, alisema, na haukui haraka. Wangeweza kuutoa sasa, au kuungoja, na kumpiga picha kila baada ya miezi mitatu waone unakwendaje. Yeye mwenyewe angependelea kuutoa. Alisema hayo kwa upole, akijibu kila swali, ila Mama Nukta siku hiyo hakuwa na maswali mengi. Alitaka kwenda nyumbani kufikiri.

Na nyumbani alimwambia mumewe maneno ambayo Redio aliyasikia vizuri, maana walikuwa wamekaa magoti kwa magoti. "Mimi kufa siogopi," alisema. "Kila mtu atakufa, hata mpangaji wetu pamoja na uvivu wake. Lakini macho yangu wasiyaguse. Kama huo upasuaji una hatari ya macho, basi wauache uvimbe wangu palepale ulipo, nitaishi nao kama mpangaji asiyelipa kodi. Mwaka mmoja wa kusoma unanitosha kuliko ishirini ya kushikwa mkono. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Redio.

"Basi wewe uniulizie kwa daktari. Mimi nikimwangalia usoni natetemeka."

Redio akaenda kuuliza. Alirudi akasema daktari hana wasiwasi.

Fomu ililetwa Jumanne asubuhi, wodini, siku mbili kabla ya upasuaji. Wodi ilikuwa na vitanda sita, mapazia ya kijani, na toroli lenye gurudumu bovu lililokuwa likilia tangu alfajiri. Saa moja kabla ya hapo Mama Nukta alikuwa ametiwa matone ya kupanua mboni ili macho yake yapimwe, na sasa kila kitu mbele yake kilikuwa ukungu mweupe. Daktari aliweka karatasi mapajani mwake.

"Mama, soma taratibu, ukimaliza weka saini pale chini."

"Sioni kitu, daktari. Mmenijaza matone."

"Basi tungoje mpaka jioni yaishe nguvu."

"Tungoje ya nini, na mume wangu yupo? Huyu anasoma kuliko wewe unavyopasua."

Wodi nzima ikacheka, na daktari naye akacheka. Daktari akageukia kitanda cha jirani, na Redio akaichukua karatasi. Akakohoa kidogo, kama alivyokohoa kila asubuhi saa mbili kamili, akaanza. "Herufi kubwa, Mimi niliyetia saini hapa chini, mkato, nimeelezwa kwamba upasuaji huu unaweza kuleta madhara yafuatayo, nukta mbili. Moja, nukta, maambukizi kwenye jeraha, nukta. Mbili, nukta, kuvuja damu ndani ya fuvu, nukta. Tatu, nukta, kifafa, nukta. Nne, nukta, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, nukta. Tano, nukta, kuvuja kwa maji ya ubongo kupitia puani, nukta. Sita, nukta, madhara ya dawa ya usingizi, nukta. Saba, nukta, kifo, nukta."

"Kifo kimewekewa nukta?" aliuliza Mama Nukta.

"Kimewekewa."

"Vizuri. Kingewekewa mkato ningeogopa."

Wodi ikacheka tena. Yeye mwenyewe alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, kwa sababu alikuwa amesikiliza kwa masikio yake yote, na neno macho halikutajwa mahali popote. "Hatari zote mmezielewa?" aliuliza daktari aliporudi. "Mna swali?" Redio ndiye aliyejibu kwamba hawana. Kisha akaushika mkono wa mkewe, akauweka kwenye mstari, na Mama Nukta akatia saini ile ile iliyokuwa chini ya maelfu ya kurasa.

Alipozinduka Alhamisi jioni alidhani amefungwa kitambaa. Aliinua mkono akagusa nyusi, akagusa kope, akakuta kope ziko wazi. Kichwa kilikuwa kimenyolewa na kuzungushiwa bandeji kwa juu, lakini juu ya macho hapakuwa na kitu. Alimwita mumewe, na mumewe akajibu karibu kabisa na sikio lake, "Nipo, Nukta wangu, nipo."

"Washa taa."

Redio alitazama juu. Taa zilikuwa zimewaka.

Sitaki kukuchosha na majuma yaliyofuata. Daktari alisema huenda ni uvimbe wa jeraha, tusubiri. Walisubiri. Jicho la kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibakiza kitu kimoja: liliweza kutofautisha dirisha na ukuta. Asubuhi upande mmoja wa chumba ulikuwa mweupe zaidi ya mwingine, na hiyo ndiyo mali yote iliyobaki. Mama Nukta alikaa ameuelekea huo weupe saa nzima nzima, na mtu akipita mbele yake akamkatia mwanga alimwambia asogee.

Dada yake mkubwa alikuja kila siku. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimchekesha. "Akili ni nywele, mdogo wangu, kila mtu ana zake, na zako wamezinyoa, kwa hiyo usinibishie, kunywa chai." Na kila alipoondoka alisema, "Mshukuru Mungu uko hai." Alisema mara nyingi mno, kabla hata hajalalamikiwa. Mama Nukta aliona ni mapenzi tu. Redio naye aliomba likizo kiwandani, akawa anafua, anapika, anaunguza, anapika tena. Usiku alimsomea gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo na ya viwanja. Ukimwona ungesema waume wote wangekuwa hivi dunia ingekuwa pepo. Mama Nukta naye alisema hivyo, alimwambia dada yake waziwazi: "Macho yamekwenda, lakini Mungu amenibakizia mdomo wa kunisomea."

Mwezi mmoja na nusu baadaye walikwenda kliniki. Redio alikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, na Mama Nukta akabaki chumbani na daktari na nesi mmoja wa makamo, mwenye sauti kavu na mikono ya moto. Daktari alimmulika jicho la kushoto, akavuta pumzi.

"Pole sana, mama. Tulijitahidi. Ni lile tulilokuwa tukiliogopa tangu mwanzo, ndiyo maana lipo kwenye fomu."

"Lipi?"

"La macho. Kipengele cha nne."

"Cha nne ni damu kuganda miguuni," alisema Mama Nukta.

Daktari alivuta faili. Kabla hajajibu aliitwa chumba cha pili, akaomba radhi, akatoka. Mama Nukta alikaa wima kwenye kiti. Alikuwa hajaogopa bado, alikuwa amekereka tu, kama alivyokereka daima mtu alipotaja ukurasa vibaya.

"Sista, faili langu si liko hapo? Hebu nitazamie fomu ya upasuaji. Nisomee hatari zilizoandikwa, na namba zake."

Nesi alifunua kurasa. "Moja, maambukizi kwenye jeraha. Mbili, kuvuja damu ndani ya fuvu. Tatu, kifafa. Nne, kupungua au kupotea kabisa kwa uwezo wa kuona katika jicho moja au yote mawili kwa muda au daima."

Kidole cha Mama Nukta kilipiga meza. Hakukituma, kilipiga chenyewe.

"Rudia."

Nesi akarudia.

"Baada ya 'mawili' pana mkato?"

"Ndiyo, upo."

"Endelea."

"Tano, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Sita, kuvuja kwa maji ya ubongo. Saba, dawa ya usingizi. Nane, kifo." Nesi aliishusha karatasi. "Mama, kwani hukusomewa hili?"

Hapo angeweza kusema. Lakini aibu ilimjaa, aibu ambayo haikuwa hata yake, akajikuta anamfichia. "Nilisomewa vizuri sana," alisema. "Nimesahau tu. Nipe nakala, tafadhali."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo alikuwa ameisahihisha katika vitabu vya shule mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, na hata siku moja hakuwahi kujipapasa nguo zake mwenyewe.

Siku tatu alikaa kimya kama maji mtungini. Alijitafutia kila njia ya kumtetea. Labda Redio aliruka bila kujua. Aliogopa, macho yakateleza, mtu yeyote huteleza. Lakini mtu aliyeteleza husoma tatu kisha tano. Redio alisoma tatu, nne, tano, sita, saba, akizibadilisha namba moja moja kwa sauti iliyotulia. Hata hivyo Mama Nukta alimwachia mlango mmoja wazi. Alijiambia, alikuwa na hofu siku ile, na hofu humfanya mtu afanye asilolifanya. Nikimpa nafasi tena ataisoma yote. Ataisoma, atalia, nitalia, tutaona.

Siku ya nne baada ya chai ya asubuhi alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Nisomee hii."

"Ni nini?" Redio aliiokota. Aliigeuza, akaigeuza tena. "Ni fomu ya hospitali. Ya nini tena, Nukta wangu? Yameshapita."

"Nataka kuisikia. Nisomee kama kazini."

Redio akakohoa. "Herufi kubwa, Mimi niliyetia saini hapa chini, mkato..." Sauti ilikuwa safi, ya saa mbili kamili asubuhi. "Moja, nukta, maambukizi kwenye jeraha, nukta. Mbili, nukta, kuvuja damu ndani ya fuvu, nukta. Tatu, nukta, kifafa, nukta." Mama Nukta alishikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nne, nukta, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, nukta. Tano, nukta..."

Alimwacha asome mpaka kifo. Kisha akasema, "Umeruka."

Katika miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo. Kiti cha Redio kililia.

"Nimeruka nini?"

"Usinichezee shere. Kipengele cha nne. Nisomee, au nikusomee mimi kipofu?"

Na Redio akaanza kulia. Ninavyokusimulia hivi, machozi yale hayakunigusa hata kidogo, lakini lazima niseme yalikuwa ya kweli. Alisema, "Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Nilikwambia nitakataa."

"Ungekufa!"

"Daktari alisema unakua polepole. Alisema tunaweza kungoja. Na kifo si ulinisomea? Kifo ulikisoma vizuri, ukakiwekea na nukta yake. Ulijua kifo hakinitishi, ukanipa. Ukaruka kile kimoja nilichokuuliza."

"Daktari alisema kati ya watu kumi ni mmoja tu. Mmoja! Nilijua hutakuwa wewe. Nilitaka uwe hai, Nukta. Sikutaka kukuzika. Hilo ni kosa?"

"Na sasa hivi?" aliuliza. "Siku ile uliogopa nitakataa. Leo uliogopa nini? Macho yameshakwenda, hakuna cha kukataa. Nimekuwekea karatasi mkononi, nimekupa nafasi, na umesoma kama umetumwa na malaika. Leo uliniruka kwa nini?"

Redio aliikunja karatasi, akaikunjua. Hilo la leo ndilo lililomkata maini Mama Nukta kuliko yote. La kwanza angeweza, baada ya miaka labda, kulibandika jina la mapenzi. La pili halikuwa na jina. Mtu alimtazama mkewe usoni, akaona macho hayamwoni, akajua anaweza.

"Nani mwingine alijua?"

"Nukta, tafadhali."

"Nani?"

"Dada yako. Tuliitwa na daktari wewe ukiwa kwenye vipimo vya macho, akatueleza yote, akataka tukueleze kwa utaratibu, akasema na yeye ataongea nawe. Tulipotoka tukakaa kikao. Shemeji akasema mgonjwa haambiwi kila kitu, atavunjika moyo. Nikamwambia daktari tumeshakueleza, umekubali, na kwamba ukitajiwa habari ya macho unalia, asikutajie tena."

Kikao. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Walikaa watu wawili kwenye benchi la hospitali wakajadili macho ya mtu wa tatu, naye yuko chumba cha pili anasomeshwa herufi ukutani, anasema "E," anasema "T," anajitahidi apate zote.

Dada alipokuja jioni hakukana. Alikaa kitandani, akamshika mdogo wake mguu. "Kama ni dhambi nitaibeba," alisema. "Lakini upo, nakugusa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia, dada."

"Unasema tu."

"Ningekwambia," alirudia Mama Nukta, "kwa sababu ni macho yako." Dada alikwenda zake akiwa amenuna, kama aliyekosewa yeye.

Mtu atauliza, kwa nini hakuondoka? Aondoke aende wapi? Kwa dada? Mlango wenyewe alikuwa bado anaupapasa. Alibaki katika nyumba ile akala chakula cha Redio na kushika kiwiko cha Redio kwa kuwa hakuwa na kiwiko kingine. Ila gazeti alilikataa. Redio alipoapa kwamba sasa atasoma kila neno, alimjibu hana haja. Kwa kweli haja alikuwa nayo sana, usiku alisikia njaa ya kusomewa kuliko njaa ya chakula. Lakini kila sentensi iliyotoka mdomoni mwa yule mtu alijiuliza ni ipi iliyokuwa kabla yake na ikaachwa. Jirani akitoa salamu, Redio akimwambia "fulani anakusalimu," alijiuliza jirani amesema nini hasa. Alikuwa na hasira, na alikuwa mpweke, na zaidi ya yote alijiona mjinga, yeye aliyewacheka wapangaji wote kwa makosa yao.

Miezi mitatu ilipita, daktari akawaita. Picha mpya zilionyesha kovu linalobana mshipa wa jicho la kushoto. Wangeweza kuingia tena kulilegeza. Huenda angepata kuona kidogo zaidi, pengine hata umbo la mtu. Huenda pia akapoteza ule mwanga aliokuwa nao. Daktari alisema mwenyewe, kwa maneno, bila fomu, mara mbili, akimwelekea yeye na si mumewe. Tangu siku ile ya kipengele cha nne alikuwa ameshaelewa kilichotokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

Kisha nesi yule yule akatoa fomu, na Redio akanyoosha mkono kabla ya mtu yeyote.

"Nipe nafasi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamsomea kila neno. Naomba."

Mama Nukta alifikiri, akasema, "Soma. Sista naye atasoma baadaye."

Redio alisoma. Alisoma kila kitu, polepole, na alipofika kwenye macho sauti ilimkwama, akarudia mstari wote tangu mwanzo. Alipomaliza nesi akaichukua karatasi, akasoma kwa sauti yake kavu. Vipengele tisa kwa vipengele tisa, neno kwa neno, hakuna kilichopungua.

"Umeona?" alisema Redio, na furaha ilimbubujika kama aliyefaulu mtihani. "Sikuruka! Umeona?"

Mama Nukta alikuwa ametumaini kwamba hapo moyo ungetulia. Haukutulia. Alikuwa amesikiliza kwa makini yote aliyonayo, masikio ya miaka kumi na tisa, akitafuta tofauti kati ya usomaji huu wa kweli na ule wa uongo, kupanda, kushuka, pumzi, chochote. Hakuna. Ilikuwa sauti ile ile. Kama nesi asingekuwapo asingejua, na nesi hawezi kuhamia nyumbani kwake.

"Nenda nje kidogo," alimwambia.

"Nje?"

"Nje. Nataka kuongea na daktari."

Mlango ulipofungwa alimuuliza daktari maswali yote aliyoacha kuuliza mwanzo kwa kuogopa kutetemeka. Alitetemeka, na akauliza. Kati ya watu kumi wangapi? Mwanga ukienda unarudi? Nikingoja? Daktari alijibu yote, na pale asipojua alisema hajui. Mwishowe Mama Nukta aligeuza uso kuelekea dirishani, penye weupe. Kisha akasema hapana. Alichobakiwa nacho hatakiweka mezani tena. Nesi akamsomea karatasi ya kukataa, mistari minne tu, akamwekea kidole mahali pa saini, naye akaandika jina lake lote bila kusaidiwa, likapanda kidogo mwishoni.

Alitoka akipapasa ukuta. Redio alikuwa amesimama karibu na mlango, akamwahi, akamtia kiwiko mkononi.

"Enhe? Umeamuaje? Wanakupasua lini?"

"Hawanipasui. Nimekataa."

Redio alisimama. Watu wa kliniki waliwapita pande zote mbili, mtu akikohoa, mtu akiita namba.

"Umekataa?" Sauti yake ilivunjika, na safari hii aliumia kikweli, aliumia mpaka ndani. "Jambo kubwa kama hilo? Bila hata kuniuliza?"

Mama Nukta alisimama palepale, kiganja chake juu ya kiwiko cha mumewe, akamngoja asikie mwenyewe alichokisema. Alimpa muda wa kutosha. Redio akashusha pumzi, akapangusa pua, akamuuliza kama wapande gari au watembee.